Kikosi cha Kutu na Shimo la Kwanza

Mtaani wananiita Mama Koleo, na sijawahi kukataa. Koleo limenilisha. Kiwanda cha nguo kilipofungwa tulitolewa nje asubuhi moja, wafumaji wote, kila mtu na kikombe chake mkononi. Wenzangu walilia. Mimi pia nililia, ila nililia huku nimefungua redio ya jirani iliyokuwa imekufa. Nikaiunguza. Ya pili nikaiunguza vizuri zaidi. Ya tatu ikaimba, na tangu siku hiyo nina kibanda, meza, chuma cha kulehemu, na ulimi unaoweza kumwambia mteja kwamba redio yake imepona hata kabla haijapona.

Nina binti mmoja, Nukta. Jina la kwenye cheti analijua mwalimu mkuu. Sisi tulimwita Nukta kwa sababu alizaliwa mdogo hata mkunga akawa anamtafuta kwenye shuka. Sasa ana miaka ishirini na sita, na anatengeneza gemu.

Kwa miaka mitatu yeye na rafiki yake, Mchoraji, walijifungia kwenye chumba cha nyuma ya kibanda changu, kati ya mizoga ya televisheni, wakaunda mchezo unaoitwa Kikosi cha Kutu. Mambo yenyewe ni haya. Kuna mji unaelea angani, juu ya sayari isiyo na hewa. Mitambo imezimika, watu wamelala kwenye makabati ya barafu, na waliobaki macho ni roboti watatu wa matengenezo. Bawaba ni mrefu na mikono yake inakunjuka kama mlango. Nati ni mfupi, anaviringika na kupenya kwenye mabomba. Fyuzi anarusha radi kwa kiganja, lakini akirusha mara tatu mfululizo anaungua, inabidi ujifiche mpaka apoe. Unaruka jukwaa hadi jukwaa, unapigana na mitambo iliyoasi, unawasha taa moja baada ya nyingine mpaka mji uamke.

"Mashujaa gani hawa?" nilimuuliza siku ya kwanza. "Mafundi bomba?"

"Kwani wewe ulidhani mashujaa ni kina nani, Mama?"

Alisema hivyo bila kuinua kichwa. Nikajifanya natafuta bisibisi.

Basi ikatoka habari ya maonyesho. Meza tisa, gemu tisa, ukumbi mkubwa wa mjini. Kampuni moja ya kuuza michezo ingechagua gemu moja, iiuze dunia nzima, na waundaji wake waajiriwe. Nukta akapata meza namba saba. Wiki hiyohiyo ikaja barua kutoka ofisi ya maji: kuna nafasi ya kusoma mita, jibu linatakiwa siku moja baada ya maonyesho, kabla ya saa sita.

Mimi ndiye niliyeweka masharti. Sikumtuma mtu.

"Mwanangu, miaka mitatu inatosha. Ukichaguliwa, ofisi ya maji itafute mtu mwingine. Usipochaguliwa, unavaa shati la kola, unaenda kusoma mita, na hicho chumba nakijaza mafriji."

Akaninyooshea mkono, tukashikana kama wafanyabiashara wawili. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Wangu pia, ila mimi nilikuwa nimetoka kunawa.

*

Siku ya maonyesho nilifunga kibanda, nikaandika kwenye ubao: FUNDI YUKO KWENYE MAMBO MAKUBWA. Nikavaa viatu vinavyobana, maana vile visivyobana havina heshima.

Ukumbi ulikuwa umejaa nyaya, skrini na vijana wenye macho mekundu. Kila meza ilikuwa na kompyuta ya ukumbi na padi mbili mpya za kuchezea, zimefungwa kwa waya zisiibiwe. Sharti lilikuwa moja: hakuna kuja na vifaa vyako, ili majaji wacheze gemu zote kwa vyombo vilevile. Nukta alikuja na mchezo wake, pamoja na programu ya kuuundia, kwenye flashi ndogo mfukoni, basi. Akauingiza, skrini ikawaka, na pale kwenye meza namba saba ukatokea mji wa angani, taa zimezimika, na roboti watatu wamesimama kwenye ukingo wakiangalia giza. Nilikuwa nimeuona mara elfu ukutani kwangu. Lakini kuuona mbele za watu ni jambo lingine. Nikajikuta navuta blauzi yangu chini.

Mgeni wa kwanza alikuwa mwanamke aliyevaa kama mwalimu. Akashika padi, akamchukua Bawaba, akakimbia vizuri, akafika kwenye shimo la kwanza, akaruka. Bawaba akainuka kidogo, kama mtu aliyekanyaga maji, akatumbukia.

"Pole," akasema Mchoraji. "Jaribu tena."

Akatumbukia. Tena akatumbukia. Akarudisha padi kwa adabu, akaenda meza ya magari ya mashindano.

Akaja jamaa na mkewe. Wakatumbukia kwa zamu. Akaja mlinzi wa mlangoni, mtu mwenye vidole kama ndizi, akatumbukia mara tisa bila kukata tamaa, mpaka mkuu wake akamwita. Ndani ya saa moja shimo la kwanza lilikuwa limemeza watu wazima ishirini na wawili, na hakuna hata mmoja aliyefika kwenye jukwaa la pili.

Kwenye meza namba nane alikaa kijana wa magari, tulimwita Ndevu kwa sababu ndizo zilizofika kwanza.

"Majirani," akasema, "hao roboti wenu wamekula nini? Mbona wazito?"

"Wamekula majirani," nikamjibu. Akacheka. Sisi hatukucheka.

Nukta akanyang'anya padi. "Watu hawaruki vizuri," akasema. "Tazameni." Akamkimbiza Bawaba, akagusa kitufe kama alivyokigusa mara laki moja chumbani kwangu, kwa ncha ya kidole, *tk*. Bawaba akatumbukia.

Mchoraji akaziba mdomo kwa mkono. Nukta akajaribu tena. Akatumbukia. Mtu aliyelichimba lile shimo mwenyewe, aliyelipima kwa macho na kwa hesabu, sasa lilikuwa linammeza kama mgeni.

"Padi zao mbovu," Mchoraji akanong'ona. "Twende tukaseme. Tuwaambie kabla majaji hawajafika."

Majaji walikuwa meza ya tatu. Watu watano wenye karatasi, na mkuu wao mbele: mwanamke wa makamo, kichwa kimenyolewa, viatu vyeupe vya raba, mikono nyuma kama mkaguzi wa reli.

"Nipe hiyo padi," nikasema.

"Mama, si wakati wa..."

"Nipe."

Sikutazama skrini. Mimi skrini hainiambii kitu. Niliweka padi sikioni, nikabonyeza kitufe cha kuruka. *Tk-tk*. Kinashuka, kinapanda. Nikabonyeza tena. *Tk-tk*. Kizima kama yai. Kitufe chenye afya kuliko mimi.

Hapo ndipo damu iliponishuka miguuni, kwenye vile viatu vinavyobana.

Maana padi ya nyumbani, ile moja waliyokuwa nayo, haikuwahi kulia hivyo. Miaka mitatu iliyopita kitufe chake cha kuruka kilikufa, na mimi, bingwa, nikakata raba kutoka kwenye rimoti ya televisheni iliyokwisha, nikaigandisha chini yake. Kazi hiyo niliisifia kwa kila mteja. "Ile padi imekaa miaka mitatu haijarudi mezani!" Kumbe raba ile ilikuwa nene na laini kupita kiasi. Ukibonyeza inashuka sawa. Ukiachia, haitaki kuamka. Kidole kimeshaondoka, kitufe bado kimelala. Ndiyo maana ililia *tk*, kimya kidogo, halafu *tk*. Nilikuwa nimeisikia kupitia ukuta usiku na mchana kama saa ya ukutani, na saa ya ukutani huisikii tena ukishaizoea.

Na kwenye gemu yao, kadiri unavyoshikilia kitufe ndivyo roboti anavyoruka mbali; wageni wote walikuwa wanagusa na kuachia.

"Nukta," nikasema. "Padi zao hazina ubaya. Mbovu ni yetu."

"Yetu iko nyumbani."

"Yetu iko ndani ya kila shimo ulilochimba. Kitufe chetu kinachelewa kurudi juu. Wewe unagusa kidogo, chenyewe kinashikilia. Miaka mitatu umepima mashimo kwa mruko ambao si wa kidole chako, ni wa raba yangu." Nikairudisha padi mezani. "Mimi ndiye niliyeiweka. Sikuipima. Ilifanya kazi, nikajipongeza, nikaenda kulala."

Nilingoja anirukie. Angenirukia nisingemlaumu. Mchoraji aliniangalia kama mtu aliyeambiwa kwamba ngazi aliyopanda ameshikiwa na adui.

"Nachukua pikipiki," nikasema haraka. "Naifuata nyumbani. Dakika arobaini. Nitaongea na wakubwa waturuhusu."

Nukta alikuwa bado anakitazama kile kitufe. Akakigusa mara moja, mbili.

"Halafu?" akasema. "Wakiinunua watu elfu moja, nitampa kila mmoja padi yako, Mama?"

Na katikati ya aibu yangu yote, kitu kikaniinuka kifuani: huyu mtoto, shingo iko chini ya kisu, bado anamfikiria mchezaji asiyemjua.

"Wako meza ya nne," Mchoraji akasema.

"Basi fungua programu," Nukta akamwambia. "Tunarekebisha hapahapa."

*

Wazo la kwanza lilikuwa la Mchoraji: ongeza nguvu ya kuruka. Wakaongeza. Wakamkabidhi padi mlinzi aliyekuwa amerudi kisirisiri. Bawaba akavuka shimo, akapaa, kichwa kikagonga misumari ya dari, vyuma vikatawanyika skrini nzima.

"Afadhali shimo," akasema mlinzi.

"Tatizo si nguvu," Nukta akasema. Alikuwa anazungumza na nafsi yake, vile mimi huzungumza na redio. "Anayeshikilia kitufe yuko sawa. Anayegusa tu ndiye anayeanguka. Mruko mrefu ubaki ulivyo. Nibadilishe mruko mfupi kabisa, basi. Niurefushe ufike pale raba ilipokuwa inaufikisha." Akanigeukia. "Mama, ilikuwa inachelewa kiasi gani?"

Mtu mwingine angesema sijui. Mimi nilifunga macho nikasikiliza ukuta wa chumba changu. "*Tk*," nikasema. Nikasubiri. "*Tk*. Hivyo. Kama muda wa kupepesa jicho, tena jicho la mtu mvivu."

Akaandika namba. Akajaribu, akavuka. Mchoraji akajaribu, akavuka. Wakakumbatiana.

"Ninyi mnajidanganya," nikasema.

"Mama!"

"Vidole vyenu vimelelewa na padi mgonjwa. Vinagusa kama vinaogopa kuungua. Hata mlinzi wenu huyu ameshaanguka mara kumi, ameanza kujifunza. Mnataka kidole ambacho hakijawahi kucheza kitu."

Wakatazamana. Halafu wakanitazama mimi.

Niseme ukweli. Padi nimezifungua zaidi ya mia. Nimezisafisha, nimezilehemu, nimezitukana. Kucheza, sijawahi hata mara moja. Niliona ni mambo ya watoto, na mimi utoto wangu niliumaliza mapema kwa sababu palikuwa na kazi.

Nikakaa. Padi ikanijaa mikononi kama samaki.

"Hiki ni cha kwenda," Nukta akasema. "Hiki cha kuruka."

"Najua kilipo. Sijui kinafanya nini."

Nilimchagua Nati, kwa sababu tunafanana umbo. Nikamtembeza hadi kwenye shimo, nikasahau kuruka, akatumbukia. Ndevu akapiga makofi. Mara ya pili niliruka mapema, nikatua ukingoni, nikatelezea ndani. Nukta akabadilisha namba. Mara ya tatu nikabonyeza kwa dole gumba zima, kama ninavyobonyeza kengele ya mdeni. Nati akapita, lakini akaparaza dari. Akabadilisha tena, chini kidogo. Kila nilipoanguka aliuliza swali lilelile, kwa sauti ileile ya utulivu: "Umeanguka kwa kosa lako au la kwangu?"

"La kwako!"

Anabadilisha. Naanguka.

"Hiyo?"

"Hiyo... nusu kwa nusu."

Anabadilisha. Nikakimbia, nikaruka kabla ya ukingo kwa pupa, nikazama.

"Hiyo?"

"Hiyo ni yangu," nikakiri. "Rudisha. Naweza."

Uso wa Nukta ukafunguka. Nilikuwa sijauona hivyo tangu barua ya ofisi ya maji ifike. Akaondoa mkono kwenye kibodi, akaegemea kiti.

"Basi imepona," akasema.

Sikumsikia vizuri, nilikuwa na kazi. Nikakimbia, nikangoja, nikangoja, nikagusa. Nati akainuka, akaviringika hewani juu ya giza lote lile, akatua upande wa pili *ngaa!*, na taa ya kwanza ya mji ikawaka yenyewe chini ya miguu yake.

"NIMEPITA!" nikapiga ukelele. "Umeona? Mmeniona?"

"Tumekuona," ikasema sauti nyuma yangu.

Viatu vyeupe vya raba.

Nikataka kusimama. Mkuu wa majaji akaniwekea mkono begani. "Endelea, mama. Usimwache peke yake huko."

Nikaendelea, majaji watano mgongoni na jasho kwenye kope. Nikavuka jukwaa la pili na la tatu. Nikabadilisha, nikamchukua Fyuzi, nikarusha radi mara tatu kwa furaha, akaungua, na dude moja kubwa lenye misumeno likanimaliza pale nikimsubiri apoe. Watu waliokuwa wamekusanyika wakaguna, "Aaah!" kwa pamoja, kama ndugu zangu.

"Ni mchezo wako?" mkuu akaniuliza.

"Wangu ni hii aibu tu. Mchezo ni wa binti yangu na mwenzake."

Akamgeukia Nukta. "Asubuhi nimeambiwa meza hii haifanyi kazi. Wageni wote wameanguka shimo la kwanza. Nini kilitokea?"

Mchoraji akatazama zile padi. Ilikuwa rahisi sana. Maneno mawili tu: vifaa vyenu. Nani angepinga?

"Kosa letu," Nukta akasema. "Tulikuwa na padi moja, na ilikuwa na kasoro hatukuijua. Tukapima mchezo mzima kwa kasoro hiyo. Tumegundua leo, tumerekebisha sasa hivi. Shimo la kwanza tuna uhakika nalo. Mashimo mengine bado hatujayapima upya. Ukicheza utakuta yaliyopona na yasiyopona."

Hakunitaja. Alijua kabisa raba ni ya nani, akaimeza, akasema "letu". Sikustahimili.

"Padi niliitengeneza mimi," nikasema. "Iandikeni hiyo. Na kasoro nimeigundua mimi pia, iandikeni na hiyo."

Mmoja wa majaji akacheka. Mkuu hakucheka. Alivuta kiti, akakaa, akachukua padi, akamchagua Bawaba. Akakimbia. Akatumbukia.

Mchoraji akasogeza mkono kuelekea kibodi.

"Hiyo yangu," akasema, akiwa hajaondoa macho kwenye skrini. "Tena."

Alianguka mara tano kwa jumla, na kila mara akasema "tena". Mara ya sita akavuka. Wenzake wakamkumbusha kwamba zimebaki meza mbili. Akasema anajua. Akawasha taa ya nne ndipo akainuka.

Saa kumi majaji wakapanda jukwaani. Mkuu wao alisema maneno mengi kuhusu kila gemu, na nilikuwa sisikii hata moja, nimeshika mkono wa Nukta kama kwamba ni yeye aliyekuwa ananisaidia kusimama. Kuhusu yetu alisema hivi: kwamba mchezo una mashimo mawili au matatu yenye matatizo, na kwamba mashimo hurekebishwa, ila watu wanaosema "kosa letu" wakiwa mbele ya majaji hajui pa kuwanunua. Halafu akasema, "Meza namba saba."

Nilipiga kelele ambayo sijaipiga tangu leba. Mlinzi wa vidole vya ndizi alikuwa anaruka. Ndevu alikuja, akamkumbatia Mchoraji, akaniambia, "Mama Koleo, umeniua," na macho yake yalikuwa na maji, maana naye alikuwa na miaka yake mle kwenye magari. Nikamvuta kifuani naye pia. Kuna siku za kumtania mtu, na kuna siku za kumshika.

Nukta hakupiga kelele. Alitoka hadi kwenye ngazi za nje, akapiga simu ofisi ya maji siku hiyohiyo, hakutaka kungoja kesho. Nilisimama mlangoni nikamsikiliza. Alishukuru kwa barua. Aliomba radhi. Wakamuuliza sababu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja anwani yake: "Mimi natengeneza gemu."

*

Sasa wana ofisi yenye dirisha. Wana padi kumi na nne za aina mbalimbali, na moja wameiacha makusudi ikiwa na kasoro, ili kila shimo lipite mtihani. Hilo ni wazo la Nukta. Chumba cha nyuma sijakijaza mafriji. Nimeweka kiti na skrini, na toleo jipya kila wiki linanifikia mimi kwanza.

Jana mteja alisimama kwenye kaunta, akagonga, akakohoa.

"Fundi, redio yangu vipi?"

"Iko tayari. Ngoja kidogo, niko hatua ya tatu, Fyuzi anapoa."

"Toka juzi uko hatua ya tatu. Si umwambie binti yako akusaidie? Si yeye aliyeitengeneza?"

"Ndiyo maana simwambii," nikasema. "Hilo dude lenye misumeno amelichomelea yeye, msumeno kwa msumeno, na halina kosa hata moja. Nimetafuta. Nitalipiga mwenyewe."

Akavuta kigoda, akakaa nyuma yangu kutazama.

"Ruka," akasema.

"Nyamaza wewe. Bado."